Vyumba Sita, Bila Ardhi

Shilingi 250. Hiyo ndiyo bei ya kuandika tangazo la nyumba ya milioni 18 hapa Mombasa, kama ulikuwa hujui. Ukienda mwenyewe na simu yako upige picha unaongezwa 500 na nauli, na hiyo nauli utaibishania hadi siku ya malipo.

Nafanya kazi hii mwaka wa pili sasa. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na sina hadithi ndefu ya kusimulia hapo: karo haikutimia, mfumo wa chuo ukafunga jina langu, nami nikafunga begi nikapanda basi la usiku. Kabla ya nyumba nilimwandikia Mmarekani mmoja makala thelathini kuhusu mashine za kukata nyasi. Sijawahi kushika mashine ya kukata nyasi maishani. Kwetu nyasi hukatwa na mtu na slasha yake, tena msimu wa mvua tu. Kwa hivyo dalali mmoja wa upande wa Nyali aliponiuliza kama naweza kuandika kuhusu nyumba ambazo sitawahi kuzinunua, niliona hiyo ni nafuu. Angalau nyumba nimewahi kuingia.

Matangazo ya nyumba yana kamusi yake, na kila mtu anaijua isipokuwa yule anayenunua kwa mara ya kwanza. "Mtaa tulivu" maana yake matatu haifiki. "Mtaa uliokomaa", mabomba ya maji ni rika la babu yako. "Inahitaji mkono kidogo", paa. "Inafaa mwekezaji", hata anayeiuza hawezi kulala humo. "Dakika tano kutoka barabara kuu", hapo simama uulize: dakika tano kwa nini? Kwa bodaboda, saa kumi alfajiri, siku ya Idi? Nilitumwa Bamburi mara moja kupiga picha fleti yenye "mandhari ya bahari". Bahari ilikuwepo, siwezi kukataa. Ilionekana ukipanda juu ya ndoo chooni na kuchungulia katikati ya matangi mawili ya jirani. Hiyo picha sikuipiga mimi. Dalali alipanda ndoo mwenyewe, na kanzu yake.

Lakini sisemi kazi yenyewe ni uongo mtupu. Kuna mambo ambayo yanaifanya nyumba ionekane vile ilivyo, na watu wengi wanaouza hawayajui. Picha piga asubuhi, jua likiwa bado liko upande wa Nyali, madirisha yote wazi, mapazia yamefungwa pembeni. Simama kwenye kona, simu iwe usawa wa kifua. Ukiinua juu ya kichwa chumba kinaonekana kama kisima. Ondoa kalenda ya mwaka juzi, mabeseni, miswaki, na viatu vya kila mtu mlangoni. Halafu choo. Wauzaji huona haya kuonyesha choo. Tangazo lisilo na picha ya choo, watu hujaza pengo wenyewe, na hawajazi vizuri.

Na maji. Mombasa mtu hakuulizi sakafu ni ya nini kabla hajauliza maji. Maji yetu ya mfereji yanatoka mbali, Baricho, Mzima, Marere, Tiwi, na yakishafika mtaani kwako hujui yamebakiwa na nguvu za siku ngapi kwa wiki. Ndiyo maana kila mwenye uwezo ana kisima, na ndiyo maana ukiandika "kuna kisima" bado hujaandika kitu. Swali linalofuata, kila mara, ni: matamu au ya chumvi? Hilo neno "matamu" lina uzito kuliko marumaru zote za jikoni. Mimi nililitoa kwenye aya ya tatu nikalipandisha mstari wa kwanza kwa nyumba moja ya Kisauni, na simu zikaanza siku hiyo hiyo. Nyumba ilikuwa imekaa sokoni miezi minne na maji yake matamu, hakuna aliyejua.

Kitu cha mwisho ni upepo. Huu ni mji wa joto na stima ni ghali, kwa hivyo nyumba inayopata kusi kuanzia Aprili na kaskazi ikirudi mwisho wa mwaka ina feni ambayo hulipii tokeni. Wazee waliojenga walijua. Wanaojenga sasa hivi wanajua pia, ila kiwanja ni kidogo na fleti zinatazamana kama watu waliokosana.

Nyumba za bei kubwa naziandika kwa Kiingereza, ndivyo wanavyotaka. Zile za chini ya milioni tatu, zinazozunguka kwenye makundi ya Facebook na WhatsApp, naziandika kwa Kiswahili, na hizo ndizo nazipenda. Kiingereza cha matangazo kinakuruhusu kusema chumba ni kikubwa na ukaendelea na safari. Kwa Kiswahili ukisema kikubwa mtu anakuuliza papo hapo, kikubwa kiasi gani? Basi unajikuta unaandika: kinaingia kitanda cha tano kwa sita na kabati, na mlango bado unafunguka. Sijaona sentensi bora kuhusu chumba. Aliyewahi kuhamisha kitanda anaielewa.

Haya yote nilikuwa nayajua kufikia Machi mwaka jana, mjomba aliponipigia simu. Bibi ameamua kuuza.

Bibi yangu, mzaa mama, ana nyumba Majengo, nyuma ya barabara ya Jomo Kenyatta. Nimesema nyumba. Ardhi hana.

Hapa wasomaji wa bara huwa wananisimamisha. Itakuwaje mtu awe na nyumba na asiwe na ardhi, kwani nyumba inaelea? Kwa sheria tuliyorithi kwa Waingereza, kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, wameisha. Lakini pwani, na hasa hapa Mombasa, desturi imezitenganisha hizo mbili tangu zamani. Kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine. Mwenye nyumba analipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na nyumba yake anaweza kuipangisha, kuirithisha, kuiuza. Inaitwa hivyo hivyo, nyumba bila ardhi, na ziko tele: Majengo, Kisauni, Changamwe, Likoni. Nimesoma kwamba mzizi mmoja ni ile sheria ya hatimiliki ya 1908, iliyowataka watu wa ukanda wa maili kumi wajitokeze wadai ardhi zao kwa karatasi. Waliokuwa karibu na karatasi walipata karatasi. Isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Na watu wa kawaida, waliokuwa wanaishi palepale siku zote, wakabaki na kuta na paa. Uhuru ulikuja 1963, karatasi zikakaa zilipokuwa. Mara mojamoja serikali inaingilia, kama Likoni ilipolinunua lile shamba la Waitiki la ekari 930 na kuanza kugawa hatimiliki mwaka wa 2016. Majengo hatujaona hivyo. Majengo tumeona maghorofa.

Maana ndicho kinachotokea siku hizi. Mwenye kiwanja anafariki, warithi wako sijui Nairobi, sijui Muscat, wanauza kiwanja kwa mjenzi, na mjenzi hahitaji vyumba sita vya udongo. Anahitaji ghorofa sita. Wenye nyumba wanapewa kitu kidogo, au hawapewi, wanaenda kortini, au hawaendi.

Nyumba ya bibi ni ya Kiswahili ya kawaida kabisa. Baraza mbele. Mlango wa mbao wa kufunga mara mbili. Ukumbi unaokata katikati, vyumba vitatu kila upande, na mwisho wake uwani, ambapo kuna jiko, bafu, choo, na mwarobaini mmoja ambao ni mkubwa kuliko inavyostahili. Vyumba viwili ni vyake, vinne vina wapangaji. Aliinunua 1981 kwa mwenye nyumba aliyemtangulia, kwa pesa za maandazi na kikoa cha wanawake wa mtaani, na hilo hulisema mara mbili kwa kila mgeni. Mimi nimelala humo likizo zote za shule ya msingi, kwenye mkeka ukumbini, kwa sababu ukumbini ndiko kunapita upepo.

Kwa nini auze? Magoti. Choo kiko uwani na kina ngazi mbili, na usiku hizo ngazi mbili zimekuwa kumi. Mama mdogo anamtaka Ukunda, nyumba ya chini, choo ndani. Lakini bibi mwenyewe anayo sababu yake. Aliniambia, "Nataka kuiona pesa ya nyumba yangu nikiwa bado nina macho ya kuihesabu." Ameona wenzake wakingoja, na kilichowafikia ni notisi.

Mjomba alikuwa ameshaweka tangazo kabla hata hajanipigia. Nalinakili kama lilivyokuwa: "Nyumba ya vyumba sita inauzwa Majengo, karibu na barabara, milioni 1.9, bei maelewano, piga simu haraka." Na picha mbili, moja ya mlango, moja ya mpangaji wa chumba cha tatu, fundi cherehani, akishangaa kwa nini anapigwa picha.

Sasa, mjomba si mtu mbaya, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema mtu wa Mombasa akiona vyumba sita kisiwani kwa milioni 1.9 anaelewa mwenyewe. Bei inasema. Kuandika "bila ardhi" ni kama kuandika kwenye mkate kwamba ndani hamna nyama. Tena, alisema, ukishaandika hivyo hakuna anayefungua hilo tangazo, na wewe si ndiye uliyesema kazi yako ni kufanya watu wafungue?

Kweli ndiyo kazi yangu. Na kwa wiki mbili tangazo lake lilifunguliwa kweli. Alipokea simu kama sitini. Nyingi zilitoka Nairobi, Nakuru, mpaka Eldoret, watu wenye heshima zao wakiuliza kama taito iko tayari, kama wanaweza kutuma wakili afanye sachi. Mjomba alikuwa na jibu moja kwa wote: "Njoo uone kwanza, mambo mengine tutazungumza." Hakuna aliyekuja. Nani atatoka Eldoret kwa jibu kama hilo?

Halafu akapiga kijana kutoka Doha. Mtoto wa hapa hapa, mama yake anakaa Mishomoroni, yuko huko mwaka wa nne anafanya kazi ya ulinzi. Ilikuwa baada ya magharibi, sote tuko uwani, simu ya mjomba iko sauti ya juu kwa sababu spika yake nyingine imekufa. Kijana alikuwa na haraka ya mtu aliyechoka kutuma pesa zinazoliwa. Alisema anaijua Majengo, amesoma shule huko. Alisema ana laki mbili, anaweza kuzituma usiku huo huo zishike nyumba, nyingine atamalizia kwa miezi minane. Alitaka tu kumjengea mama yake juu, ghorofa moja, baadaye mbili.

Kumjengea juu. Bibi aliacha kuchambua mchele.

"Muulize," akamwambia mjomba, "kama anajua ardhi si yetu."

Mjomba akamtazama. Simu iko wazi, kijana anasubiri, nyuma yake mnasikika watu wakiongea Kihindi na mlango unagongwa.

"Muulize, au nipe mimi nimuulize."

Bibi aliichukua simu mwenyewe. Alimsalimu, akamuuliza mama yake ni nani, akakuta anamjua nyanya yake, wakaenda na hiyo dakika tatu nzima za bando la watu. Halafu akamwambia: mwanangu, hii nyumba ni ya kukaa, si ya kujenga juu, kiwanja kina mwenyewe. Kijana alinyamaza kidogo. Akasema, "Ahsante, bibi. Nilikuwa nishafungua programu ya benki."

Hakuna aliyemlaumu mjomba usiku ule. Hata hivyo hakula.

Asubuhi bibi aliniita barazani. Alisema, "Wewe si ndiye unayelipwa kuandika? Andika. Bila ardhi iwe juu, kabla ya jina la mtaa." Nikamwambia simu zitapungua. Akasema, "Mimi nauza nyumba moja. Simu sitini nazitaka za nini?"

Ningeweza kuwaambia hilo wateja wangu wote wa Nyali, lakini mimi ni wa shilingi 250.

Nilipiga picha saa moja asubuhi. Fundi cherehani alitoa mashine yake ukumbini bila kuambiwa, akaifagia sehemu yake na ya jirani. Mpangaji wa chumba cha kwanza, mama mwenye watoto wawili, aliuliza kama picha zikitoka na wao watatoka. Sikuwa na jibu, nikamwambia nitaandika kwamba wapo. Kwa kawaida sheria ya kwanza ya picha za nyumba ni kuondoa watu, ili mnunuzi ajione yeye. Ila nyumba hii ukiwaondoa watu umeondoa pia shilingi 14,000 kwa mwezi, na hiyo ni sehemu ya kinachouzwa. Nikaacha kanga zao kwenye kamba ya uwani. Picha ikawa nzuri zaidi, kusema kweli.

Choo nilikipiga. Ufa wa ukuta wa uwani niliupiga pia, na mjomba akashika kichwa. Ufa ni urefu wa mkono wangu. Niliona kwamba mtu akiuona kwenye picha atakuja amejiandaa kuuona, na akifika ataona ni mdogo kuliko alivyofikiria. Akiugundua mwenyewe uwani, utaota hadi paa.

Halafu bibi akaleta kopo. Lile la biskuti, la bati, ambalo kila nyumba ya Kiswahili inalo na ndani hamna biskuti. Mlikuwa na risiti za kodi ya kiwanja. Zote, kuanzia 1981, zimefungwa kwa raba mwaka baada ya mwaka, za mwanzo zimekuwa rangi ya chai. Nilikuwa nimelijua kopo hilo maisha yangu yote nikidhani ni la vifungo. Bibi hajui kusoma sana, lakini anajua kwamba pahali ambapo ardhi si yako, karatasi ndogo ndiyo ukuta wako wa saba. Nikaona hapo ndipo tangazo lilipo. Upepo unapatikana kwa majirani pia, na vyumba sita viko kila mtaa. Mtu anayetafuta nyumba bila ardhi, anayejua anachokitafuta, anaogopa jambo moja: kwamba anayemuuzia hana mahusiano na mwenye kiwanja, kwamba kuna malimbikizo ya miaka kumi atakayoyakuta mlangoni.

Niliandika hivi:

"NYUMBA BILA ARDHI, Majengo, kisiwani. Kodi ya kiwanja 800 kwa mwezi, hakuna deni, risiti zote zipo tangu 1981. Vyumba sita, ukumbi katikati, baraza, uwani. Kila chumba kinaingia kitanda cha tano kwa sita na kabati, na mlango bado unafunguka. Mabati mapya 2019. Kuta za udongo na mawe, plasta ya simiti. Ukuta wa uwani una ufa, tazama picha ya sita. Choo na bafu viko nje, mbalimbali. Mfereji siku mbili kwa wiki. Kisima cha pamoja na jirani, maji ya chumvi. Vyumba vinne vina wapangaji, 3,500 kila kimoja, wanalipa. Kusi inaingia mlango wa mbele na kutokea uwani. Milioni 1.9, punguzo dogo lipo kwa atakayefika."

Kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Uvumi ulikuwa umeenea mtaani kwamba warithi wa kiwanja wanatafuta mnunuzi. Hakuna aliyeona barua. Nyumba ya tatu kutoka kwa bibi ilikuwa imeshakuwa ghorofa, lakini ile ilikuwa ya mwenye kiwanja mwingine. Niliandika: "Inasemekana warithi wanafikiria kuuza kiwanja." Mjomba akasema uvumi hauandikwi, na safari hii sikuwa na hakika kwamba amekosea. Tangazo linasomwa na watu elfu, na hao warithi ni watu, wana simu, wana mawakili. Bibi alinisikiliza nikilisoma, akasema, "Hilo toa. Hilo ni neno la mdomo. Atakayekuja nitamwambia kwa mdomo."

Likatoka.

Simu zilikuwa kumi na moja kwa wiki tatu. Nilizihesabu, kwa sababu safari hii namba ilikuwa yangu. Hakuna hata moja iliyouliza taito. Waliuliza kodi inalipwa kwa nani, kama mwenye kiwanja anakubali kubadilisha jina, kama kisima hukauka. Maswali ya watu ambao washaanza kuhamia. Sita walikuja. Mmoja alitazama ufa akasema, ndio huu tu? Tangu hapo, nikiletewa picha na dalali, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kile ambacho hakikupigwa, na naomba kipigwe. Mara nyingi wananikatalia. Mara mojamoja wanakubali, na nimeona nyumba hizo zikiuzwa kwa safari chache za kuonyeshana. Kumvutia mtu kuja ni rahisi. Ukimvuta asiyefaa, unamlipia mafuta ya gari kuja kukutukana.

Wa nne kati ya wale sita alikuwa mama wa mahamri. Anauza mahamri na mbaazi karibu na Mwembe Tayari, anakaa Kisauni kwa kodi ya 6,000, na kila alfajiri anavuka daraja na beseni kichwani mwa bodaboda. Hakuangalia vyumba kwanza. Alienda moja kwa moja uwani, akasimama chini ya mwarobaini, akatazama jiko, akatazama ukuta, akauliza moshi unaelekea wapi kusi ikivuma. Bibi akamwonyesha kwa kidole. Hapo walikuwa washaelewana, mimi na mjomba tulikuwa tumekuwa wageni.

Walikaa barazani. Bibi akafungua kopo, mama akazipitia risiti mwaka kwa mwaka, polepole, akilowesha kidole. Alipofika miaka ya tisini bibi akamwekea mkono juu ya karatasi.

"Kabla hujaendelea. Watoto wa mwenye kiwanja wanasemekana wanataka kuuza. Hawajauza. Mimi sijaona barua, lakini nimesikia, na sasa na wewe umesikia."

Mama hakushtuka. Alitoa simu, akafungua kikokotoo. Akapiga hesabu kwa sauti, na nilimfuata: atakaa vyumba viwili, vinne vitaleta 14,000, atoe 800 za kiwanja, aongeze 6,000 ambazo hatalipa tena Kisauni. Elfu kumi na tisa na mia mbili kwa mwezi. Wakishuka hadi milioni 1.8, pesa yake inarudi kwa karibu miaka minane.

"Nimeshahamishwa mara mbili kwa nyumba za kupanga," akasema, "na hizo sikurudishiwa hata ya rangi. Miaka minane nitaipata, bibi?"

"Mimi nilipoingia waliniambia miwili."

Sijui kama hilo lilikuwa jibu. Mama alicheka, akaendelea na risiti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikifikiria kwamba hakuna mahali pa kuandika mazungumzo haya kwenye tangazo, hata ungenipa maneno elfu. Na nilikuwa na hofu, sitaficha. Bado ninayo. Kila nikipita Jomo Kenyatta naangalia kama kuna mabati ya buluu yamezungushwa mahali, yale ya mjenzi.

Mauzo yenyewe yalichukua miezi miwili. Wakili aliandika mkataba, mzee wa mtaa akashuhudia, na wakala wa mwenye kiwanja akakubali kubadilisha jina kwenye daftari lake, kwa ada ambayo alidai ni ya kawaida. Mama alilipa kwa mafungu matatu, la mwisho likiwa noti za mia na za hamsini, zinanukia iliki. Bibi alizihesabu mwenyewe, na macho yake. Kopo la risiti lilienda na nyumba. Wapangaji walibaki wote isipokuwa fundi cherehani, ambaye alimfuata binti yake Malindi, sababu zake mwenyewe.

Mwezi wa nane mama wa mahamri akanipigia. Chumba cha tatu kiko wazi, anataka mtu mstaarabu, asiyevuta sigara karibu na unga. Nimwandikie tangazo, fupi.

"Nitie na habari ya ardhi?" nikamuuliza.

Akafikiria. "Mpangaji wa mwezi kwa mwezi, ardhi ya nini? Andika kile kitanda chako cha tano kwa sita. Na upepo."

Nikamwambia bei yangu ni 250. Akanipa 200, na mahamri sita kwenye gazeti, bado ya moto.